Perege wangu wana "funza" wa njano chini ya mashavu, kosa ni la mbolea?

Swali lenyewe kwa kifupi: "Shikamoo mtaalamu. Nafuga perege huku Mvomero, nina mabwawa mawili. Juzi nimevua la kwanza baada ya miezi sita, nakuta karibu nusu ya samaki wana vitu vya njano kama punje za mchele chini ya mashavu, wengine kwenye nyama karibu na mkia, ukikitoboa kinatoka kifunza kinajinyonganyonga. Mteja karudisha samaki. Jirani anasema ni mbolea ya kuku, mwingine kasema nimwage mrututu, mwingine nichanganye dawa ya minyoo ya mbuzi kwenye chakula. Bwawa la pili halina hata mmoja na chakula ni kile kile. Wametoka wapi hawa, waliokula watadhurika, na nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hasara. Kabla sijaenda mbali, usimwage mrututu, ile chumvi ya bluu yenye shaba. Kama ushanunua weka stoo kwanza, ntakwambia baadaye kwa nini, na hiyo dawa ya mbuzi waachie mbuzi wenyewe.

Picha zako nimeziangalia zote, ile uliyofunua shavu kwa kidole gumba ndo imenisaidia zaidi maana kifuko kinaonekana vizuri kabisa, cha njano, kimekaa pale kwenye ngozi laini ya ndani. Hao sio funza. Funza ni mtoto wa nzi, anatagwa kwenye kitu kinachooza, na samaki wako walikuwa hai wanaogelea. Huyu ni mnyoo bapa, kitaalamu anaitwa Clinostomum, na ni mwenyeji wa siku nyingi kwenye maji yetu, yuko kwenye perege na sato wa mabwawa na maziwa Tanzania na Kenya, pale Sagana Kenya kuna watafiti walimchunguza kwenye sato na kwenye korongo wa kijivu wakamwandika vizuri. Ukitaka kumjua mtoe mmoja kwenye kifuko kwa ncha ya sindano, mweke kwenye kisahani cheupe chenye maji na chumvi kidogo sana, alafu subiri. Ataanza kujivuta, anarefuka anajikunja, urefu wake milimita 3 mpaka 8 hivi, na ukiwa na macho mazuri utaona kikombe cha duara sehemu ya mbele ya tumbo. Hicho ni cha kung'ang'ania. Weka hicho kikombe akilini, kina kazi yake huko mbele.

Sasa kitu cha kwanza ambacho wafugaji wengi hawakijui, na ukikishika hiki mengine yote yanakaa sawa: mnyoo uliyemkuta kwenye perege ni mtoto. Hatagi, hazaliani, haongezeki. Perege mwenye minyoo 12 maana yake alivamiwa mara 12, mmoja mmoja, kutoka nje. Ukichukua samaki mgonjwa ukamweka ndoo moja na samaki mzima wakakaa mwaka mzima hakuna atakayemwambukiza mwenzake. Kwa hiyo ukikaa unahangaika na samaki unahangaika na asiye na kosa, perege kwenye hii kesi ni kituo cha basi tu, abiria kashuka hapo anasubiri usafiri mwingine.

Usafiri wenyewe ni ndege. Mnyoo mkubwa, yule anayetaga, anaishi mdomoni na kooni kwa ndege anayekula samaki: korongo, yangeyange wale wakubwa wa majini, mnandi. Ndo pale kile kikombe kinafanya kazi, anajibandika kwenye koo la ndege asimezwe pamoja na kila samaki anayepita. Korongo akija kwenye bwawa lako saa kumi na mbili asubuhi akachovya mdomo kudaka samaki au kunywa, mayai yanamwagika majini. Hata kinyesi hakihitajiki, mdomo unatosha. Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba huyu mnyoo kachagua nyumba kwa akili, maana mlango wa nyumba yake unachovywa kwenye maji ya samaki kila siku asubuhi na jioni.

Yai likipasuka anatoka kidudu ambacho kwa macho huwezi kukiona, wataalamu wanakiita mirasidia. Kimevaa vinyweleo mwili mzima na kinaogelea kwa kasi ya ajabu kwa ukubwa wake, kama mtu aliyechelewa boti. Na kweli kachelewa, maana hana mdomo wa kulia, anatembea na akiba aliyozaliwa nayo tu, ana masaa machache, siku moja haiishi, na ndani ya hayo masaa lazima ampate konokono. Sio konokono yeyote, ni wa aina yake. Kila mnyoo bapa ana konokono wake, akikutana na wa aina nyingine ama hawezi kuingia ama akiingia anauliwa na kinga ya konokono. Kwa hawa wa perege huku kwetu mmojawapo ni Bulinus, yule konokono mdogo wa maji baridi ambaye ukimshika ncha juu na mdomo wa gamba ukutazame wewe, mdomo unakuwa upande wako wa kushoto.

Na hapa kwa konokono ndo nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo kiwanda kilipo.

Mirasidia akitoboa ngozi ya konokono anavua lile koti la vinyweleo, anageuka kuwa kama kamfuko kasiko na mdomo wala tumbo. Mfuko huo unazaa ndani yake vitoto vingine vinaitwa redia, na hawa redia sasa wana mdomo na utumbo, wanatembea ndani ya konokono wanakula nyama yake, hasa pale kwenye ini na sehemu za uzazi. Redia nao wanazaa tena, bila dume bila jike, mpaka wanaanza kutoa kitu cha tatu tofauti kabisa kinaitwa serkaria. Yai moja lililodondoka toka mdomoni kwa korongo linaweza kutoa serkaria maelfu, wote mapacha wa damu moja. Konokono mwenyewe hafi haraka, ila anakuwa kahasiwa. Yaani hivyo hivyo unavyohasi dume la mbuzi ili anenepe. Nguvu ambazo angetumia kutaga mayai yake zinaenda kulisha kiwanda cha mtu mwingine, anatembea, anakula ukijani kwenye mawe, ukimwona huwezi kujua, lakini yule sio konokono tena kwa maana ya uzazi, ni gari limetekwa na dereva ni mwingine.

Niliwahi kuchukua konokono kwenye mfereji mmoja nikampasua chini ya hadubini mbele ya wafugaji watano sita, kulikuwa na mama mmoja mtu mzima ambaye toka asubuhi alikuwa kanyamaza tu. Alipoinama akaona ndani ya ini la konokono vimejaa vitu vinacheza kama wali unaochemka, akainua kichwa akasema "kumbe huyu kageuzwa mji". Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo mpaka leo.

Usijione mjinga kwa kutojua hii safari, maana wakubwa waliihangaikia miaka. Kila hatua ina umbo lake, ukimweka mirasidia, redia na serkaria mezani hakuna atakayekwambia ni mtu mmoja, kwa hiyo zamani kila mmoja alionekana kama mnyama wake kivyake. Mdenmark mmoja, Steenstrup, mwaka 1842 ndo akaja na wazo kwamba kizazi kimoja kinaweza kisifanane kabisa na kinachofuata. Na mnyoo wa kwanza wa jamii hii kujulikana safari yake yote ni yule wa ini la kondoo, baada ya mvua kubwa za 1879 na 1880 Uingereza kondoo wakafa kwa mamilioni, ikabidi watu watafute kwa nguvu, Algernon Thomas kule Oxford na Leuckart kule Ujerumani kila mtu kivyake, kati ya 1881 na 1883 wakafika kwenye jibu lile lile: konokono. Na hata baada ya hapo kwenye kichocho yule Looss aliyekuwa Cairo, bingwa wa minyoo wakati wake, alishikilia kwamba kinatoka kwa mtu kwenda kwa mtu moja kwa moja, ubishi ukaisha pale Wajapani walipomkuta mnyoo wa kichocho kwenye konokono mwaka 1913 na mtafiti Leiper akafanya hivyo hivyo Misri mwaka 1915. Sasa kama Looss alikosea, jirani yako na mbolea yake ya kuku tumsamehe.

Na kusema ukweli jirani hajakosea kabisa. Kuku hana huyu mnyoo na mbolea haimzai. Ila mbolea ikizidi inaleta ukijani mwingi, ukijani ni chakula cha konokono, konokono wakiongezeka kiwanda kinapanuka. Kwa hiyo mbolea iko kwenye hii stori ila kwa mlango wa nyuma.

Tuendelee. Serkaria anatoka kwenye konokono, ana mkia uliogawanyika mwishoni kama panda ya manati. Anaelea, anashuka taratibu, anajirusha juu, anashuka tena, anasubiri samaki apite. Naye hali chochote, muda wake ni siku moja au mbili basi. Perege akipita jirani serkaria anajibandika kwake, anatoboa ngozi, mkia anauacha nje kama mtu anavyoacha ndala mlangoni, anaingia. Humo ndani anatafuta sehemu yake, nyuma ya mashavu, chini ya ngozi, kwenye nyama, anajikunja anatengeneza kifuko na mwili wa samaki nao unaongeza ukuta wake, na humo anakua taratibu mpaka anakuwa huyo wa njano uliyemwona. Hapo jina lake metaserkaria. Anaweza kukaa humo hata miaka anasubiri kitu kimoja tu, perege aliwe na ndege. Akiliwa, kifuko kinayeyuka tumboni kwa ndege, mnyoo anatoka anapanda kurudi juu mpaka kooni, anajibandika, na ndani ya siku chache tu anaanza kutaga. Ndo mzunguko umefunga.

Sasa kwa nini bwawa la kwanza na sio la pili wakati chakula ni kimoja? Jibu liko kwenye picha zako mwenyewe ingawa hukuzipiga kwa sababu hiyo. Bwawa la kwanza kingo zake zimejaa majani mpaka yameingia majini, kuna yungiyungi kona moja, kuna kisiki kinene kimesimama katikati ya maji na juu yake kumepakwa kinyesi cheupe kama chokaa, hiyo ni baa ya mnandi hiyo, kila siku wanakaa pale wanakausha mabawa. Na ukingo wa kule mbali umeporomoka, maji yanafika magotini tu, korongo anasimama bila wasiwasi. La pili ni jipya, kingo zimesimama, hakuna jani, hakuna pa kutua. Ndege akipita anaweza akadaka samaki akaenda, ila hata akiacha mayai hakuna konokono wa kuyapokea na yale madude yanakufa kesho yake. Ila usilitangazie ushindi, ukiliacha mwaka mmoja bila kufyeka litakuwa kama kaka yake.

Ukitaka uhakika usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Vaa gloves za mpira nzuri na gambuti, okota konokono kama ishirini kwenye majani ya bwawa la kwanza, wasuuze kwa maji ya kisima, weka wawili watatu kwenye kila glasi safi yenye maji safi, ziweke penye mwanga wa jua la saa nne asubuhi ila zisichemke, subiri masaa mawili mpaka matatu. Alafu weka kitambaa cheusi nyuma ya glasi na umulike na tochi ya simu kutoka pembeni. Ukiona vumbi jeupe linalopanda na kushuka lenyewe wakati maji yametulia, hao ni serkaria. Usishangae ikiwa kati ya ishirini ni mmoja tu anayetoa, ndivyo inavyokuwa mara nyingi, na huyo mmoja anatosha. Na nakuomba sana USITIE KIDOLE kwenye ile glasi. Maji ukimaliza chemsha ndo umwage.

Kwa nini nakutisha na kidole? Kwa sababu mnyoo wa kichocho ni binamu wa huyu wa perege, mtindo ni ule ule, yai, mirasidia, konokono, serkaria mwenye mkia wa panda, tofauti ni kwamba yule hana haja ya samaki, anatoboa ngozi ya mtu moja kwa moja. Kichocho cha mkojo konokono wake ni Bulinus, ambaye nimeshakwambia ndo mmoja wa wanaobeba huyu wa perege. Kichocho cha tumbo, kile kilichojaa Kanda ya Ziwa, kinapita kwa konokono mwingine bapa kama kifungo cha koti anaitwa Biomphalaria. Kwa macho serkaria wa ndege na serkaria wa mtu hutawatofautisha kwenye glasi. Kwa hiyo bwawa lenye Bulinus ni bwawa la kuingia na gambuti, na vibarua wako wasikojoe humo wala pembeni, mayai ya kichocho cha mkojo yanaingia majini kwa njia hiyo tu, bila mkojo wa mtu mwenye kichocho hakuna kichocho hicho bwawani hata kuwe na konokono elfu. Serkaria wa kichocho wanatoka kwa wingi jua likiwa kali, saa nne mpaka saa nane mchana, ndo saa zile zile vijana wanazopenda kuingia kuvuta nyavu. Kama umekuwa ukiingia peku kwa miezi yote hiyo nenda kapime mkojo na choo, vipimo ni vya kawaida na dawa ipo, prazikuanteli, usisubiri kuona damu.

Na kama una ng'ombe wanaokunywa hapo kuna binamu wa tatu, mnyoo wa ini. Yeye serkaria wake hatafuti ngozi ya mtu wala ya samaki, anajibandika kwenye nyasi za pembeni mwa maji na kujifunika, ng'ombe anakula nyasi. Ukichinja unakuta ini lina mirija migumu na ndani majani bapa yanatembea. Hilo nalipita, siku nyingine.

Haya, nini cha kufanya. Kwanza samaki waliobaki bwawani hutawaponya. Dawa ya minyoo ya mbuzi, kama ni zile albendazo za kawaida, haijatengenezwa kwa kazi hii, na hata ungepata prazikuanteli ikamuua mnyoo kwenye kifuko, kifuko kinabaki pale pale kwenye nyama, mteja anakiona kile kile, na juu yake umeshampa samaki mwenye mabaki ya dawa. Pesa imeenda. Kwa hiyo vua wote, waliofikia kilo ya sokoni uza (ntarudi hapo), wadogo wadogo pika nyumbani au lisha kuku baada ya kuchemsha. Usiwahamishie bwawa la pili! Ni kweli hawataambukiza wenzao, ila mnandi mmoja akimla mmoja wao umeshaingiza mbegu kwa ndege wa pale.

Alafu kausha bwawa. Sio kupunguza maji, kukausha, wiki mbili au zaidi mpaka tope lipasuke kama ukoko. Na hapa kuna ujanja wa Bulinus, anajizika kwenye tope anajifungia anasubiri mvua, anaweza kumaliza kiangazi humo, kwa hiyo kukausha peke yake hakumalizi kazi. Komba lile tope la juu lipeleke shambani mbali na maji, ni mbolea nzuri hiyo, alafu mwaga chokaa iliyochomwa, kilo 10 mpaka 15 kwa kila mita za mraba 100, hasa sehemu zilizobaki na unyevu na kwenye mashimo ya kingo. Ile chokaa inaunguza, funika macho, pua na mikono. Ukijaza maji subiri wiki mbili kabla ya kuweka vifaranga ili ukali wa chokaa utulie.

Kisiki ng'oa. Najua utasema ni kikubwa, ng'oa, kodi watu, hicho kisiki kimekugharimu kuliko vibarua watano. Kingo zichonge zisimame, maji ya pembeni yawe na kina cha angalau sentimita 70, korongo hapendi pa kuzama tumbo. Mnandi yeye anapiga mbizi hivyo kina hakimsumbui, kwake tandaza nyuzi juu ya bwawa, kamba za nailoni zikipishana kila mita moja au mbili na vipande vya mifuko inayong'aa, na kwa bwawa dogo kama lako wavu wa juu unawezekana. Msiwapige wala kuwatilia sumu, mbali ya kwamba sheria za wanyamapori zitakufuata, ukiua kumi wanakuja kumi wengine kutoka mtoni. Majani fyeka kila baada ya wiki mbili yaliyo ndani na nje ya maji, na kabla ya kuyatupa angalia chini ya majani ya yungiyungi, utaona vipande vya ute kama gundi ngumu vyenye nukta ndani, hayo ndo mayai ya konokono.

Mlango wa maji weka chujio la wavu mdogo kuzuia konokono na samaki wa mtoni. Ila ujue serkaria anapita kwenye wavu wowote utakaonunua. Kama mfereji wako juu huko una konokono wagonjwa dawa yake ni muda, ukiweza kuyapitisha maji kwenye simtanki au kibwawa kisicho na samaki wala konokono yakakaa siku mbili kamili ndo yaingie, serkaria waliomo wanakuwa wamekufa kwa njaa. Nimeona mfugaji mmoja anafanya hivyo kwa kishimo tu alichotandika turubai, na kwa kweli kimemsaidia.

Sasa mrututu. Mrututu unaua konokono, hilo kweli, kwa sababu shaba ni sumu yao. Ni sumu ya samaki vile vile, na kiwango kinachoua konokono na kinachoua perege havijaachana sana, tena vinabadilika kulingana na maji yako yana chokaa kiasi gani, kwa hiyo leo unamwaga kijiko haifanyi kitu, kesho kwa jirani kijiko kile kile kinaua samaki wa bwawa zima. Alafu shaba haiozi, inakaa kwenye tope. Hata dawa rasmi za konokono zinazotumika kwenye kampeni za kichocho zinaua samaki. Hata za miti: mwaka 1964 mtafiti Aklilu Lemma kule Adwa Ethiopia aliona konokono wamekufa mtoni chini ya pale wanawake wanapofulia kwa mti wa endod wanaoutumia kama sabuni, ikawa ugunduzi mkubwa, lakini nao samaki hawauhimili. Konokono na samaki ukiwawekea sumu moja wanakufa pamoja, ndo maana nasema kazi ya konokono ifanyike bwawa likiwa tupu.

Samaki wala konokono je? Wapo, na hili nalipenda zaidi ya sumu. Kambale anawala kiasi, kamongo ni mvunja konokono hodari ila atakumalizia na perege, usithubutu. Kule ziwa Nyasa samaki wanaovunja konokono walipovuliwa kupita kiasi, kichocho kiliongezeka kwenye fukwe ambazo zamani watu walioga bila hofu. Na Senegal baada ya bwawa la Diama kujengwa mwaka 1986 kamba wa mtoni (jamii ya uduvi) waliokuwa wanakula konokono wakazuiwa kupanda na kushuka kwenda kuzaliana, konokono wakafurika, kichocho kikalipuka kwenye mji wa Richard-Toll. Kwa bwawa lako kambale wachache wakubwa kidogo kuliko vifaranga hawatafaa maana watakula vifaranga, ila ukiwaweka wadogo wakati perege wameshakua watasaidia konokono na pia watapunguza vile vitoto vya perege vinavyojaza bwawa. Usiwategemee peke yao.

Waliokula watadhurika? Hapana kama walipika. Mnyoo huyu anakufa kwenye mafuta ya moto na kwenye mchuzi unaochemka kama nyama yoyote, na huku kwetu sijaona anayekula perege mbichi. Anayemeza mbichi ndo mwenye shida, Japani na Korea wapo watu waliokula samaki wa maji baridi bila kupika, mnyoo akadhani yuko kooni kwa korongo, akajibandika kooni kwa mtu, koo likavimba likawasha mpaka daktari akamtoa kwa koleo. Samaki wa kukaushwa juani nusunusu au kutiwa chumvi kidogo simwamini, wa kukaangwa vizuri namla hata leo. Niliwahi kumla mbele ya mteja aliyekuwa anabisha, nikiwa nimemwondolea vifuko kwanza, maana sio kwa ajili ya afya, ni kwa ajili ya hamu.

Hapo ndo ilipo hasara yako halisi, machoni. Perege mwenye vifuko viwili vitatu anakua kama kawaida, akiwa na vingi anadumaa, na vifaranga wadogo wakivamiwa na serkaria wengi kwa mara moja wanaweza kufa bila wewe kujua kilichowaua. Lakini sokoni kifuko kimoja tu kinatosha mtu akarudisha. Usimfiche mteja. Kwa wale wenye vifuko kwenye mashavu tu, kata kichwa, safisha, uza bila kichwa na mwambie mteja kwa nini. Wenye vifuko kwenye nyama toa minofu, iangalie dhidi ya mwanga wa dirisha, vile vya njano vinaonekana vyenyewe, vitoe kwa ncha ya kisu. Ni kazi na bei inashuka, sikudanganyi. Yule aliyerudisha mrudishie hela yake na mpe samaki wa bwawa la pili.

Kitu kimoja cha mwisho kwa sababu umetaja unataka kununua vifaranga wapya mwezi ujao. Wapo minyoo bapa wengine wanaokaa kwenye ngozi na kwenye mashavu kwa nje, wadogo sana, na wale hawana habari ya konokono wala korongo, wanaruka kwa samaki mpaka samaki, kuna mmoja anazaa mtoto ambaye tayari ana mimba ya mtoto mwingine ndani yake. Wale ndo wanakuja na vifaranga. Kwa hiyo ukienda kununua usiangalie bei tu. Chukua vifaranga kumi kwenye karai jeupe, angalia kama wanajikwaruza pembeni, kama wanapumua juujuu, kama ngozi ina ute wa kijivu, na wawili watatu wafunue mashavu kama ulivyonifunulia yule kwenye picha. Ukiona njano humo, bwawa lao lina kisiki kama chako.

Ukimaliza jaribio la glasi nitumie picha ya konokono mwenyewe, mweke kwenye kiganja chenye gloves pembeni ya njiti ya kiberiti ili nijue ukubwa, ncha juu, mdomo wa gamba uelekee kamera.